Idara za Vyuo Vikuu na Habari za Ujiji Zilizopigwa Chapa

Msomaji atakaye kujua habari za Ujiji wa kale, tangu siku za misafara ya pembe mpaka reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ataelekezwa na wajuzi kwenye maandishi yaliyotoka mbali: Berlin, London, Boston, Nairobi. Jambo hili si la ajabu, maana miji mingi ya bara hali yake ni hiyo. Walakini lafaa kuchunguzwa, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi hayo haikutungwa na msafiri mmoja aliyependa kuandika, bali ilipangwa na idara za elimu, yaani na watu waliokaa pamoja wakachagua nani aulizwe, aulizwe kwa lugha gani, maneno yake yaandikwe kwa herufi zipi, na kitabu kisomwe na nani. Nataka kueleza namna kazi hiyo ilivyofanywa mahali patatu: katika chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, katika halmashauri ya Kiswahili ilipokuwa Makerere, na katika Idara ya Historia ya Dar es Salaam. Nami naona kwamba yale tunayoyajua na yale tusiyoyajua juu ya Ujiji yaliamuliwa, kwa sehemu iliyo kubwa, kabla kalamu haijatiwa wino.

Kabla ya idara hizo walikuwako wasafiri. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, katika mtaa wa Kawele, mwezi wa Februari 1858, na kitabu cha Burton juu ya nchi za maziwa kilitoka London mwaka 1860. Livingstone alifika mwaka 1869, Stanley akamkuta huko mwaka 1871, Cameron akapita mwaka 1874. Edward Hore, wa misheni ya London Missionary Society, alifika mwaka 1878, akalizunguka ziwa kwa mashua, na mwaka 1883 maelezo yake juu ya makabila kumi na mawili ya pwani za Tanganyika yakapigwa chapa katika jarida la chama cha elimu ya wanadamu huko London. Watu hawa tusiwadharau. Ni wao waliotuandikia kwamba fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko, na kwamba aliyekuja na nguo sharti azibadilishe kwanza kwa shanga hizo ndipo apate kununua samaki, mawese au chumvi. Lakini katika maandishi yao mgeni ndiye asemaye, naye mwenye soko yu kimya.

Badiliko la kwanza lilitokea Berlin. Mwaka 1887 katika chuo kikuu cha mji huo pakafunguliwa Seminar für Orientalische Sprachen, yaani chuo cha lugha za mashariki, chini ya Eduard Sachau, mjuzi wa Kiarabu. Kusudi lake halikuwa elimu tupu. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi katika Afrika ya Mashariki, nao walihitaji wakalimani, maafisa, wafanya biashara na wamisheni wanaoweza kusema na watu. Kwa hiyo Kiswahili kiliingizwa mapema, na mwalimu wake akawa Carl Gotthilf Büttner, aliyekuwa zamani mmisheni kusini-magharibi mwa Afrika. Pamoja na mwalimu Mjerumani akawekwa mwenye lugha, ili wanafunzi wasikie matamshi kutoka kinywa kilichozaliwa nayo. Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said, wa pili Amur bin Nasur, wote watu wa Unguja.

Hapo ndipo haja ya kupiga chapa ilipozaliwa, nayo ilikuwa haja ndogo ya darasani. Mwanafunzi akiisha kujifunza ngeli na nyakati za vitenzi, asome nini? Vitabu vya misheni vilikuwako, na hadithi alizokusanya Edward Steere Unguja zilikuwa zimetoka London tangu mwaka 1870. Lakini afisa atakayepelekwa Tabora au Ujiji alitakiwa kusoma barua za wafanya biashara, mashtaka na habari za njia. Büttner akatoa mwaka 1892 kitabu cha hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1894 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili. Alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1893.

Aliyefuata, Carl Velten, alikuwa na bahati ambayo Büttner hakuwa nayo: tangu 1893 hata 1896 alikaa katika nchi yenyewe, akiwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani. Huko hakujitungia mwenyewe mazoezi ya kusomea, bali aliwaomba watu wa pwani waandike: huyu safari yake, yule desturi za kwao. Maandishi hayo aliyachukua Berlin alipokwenda kufundisha. Mwaka 1901 kikatoka kitabu Safari za Wasuaheli, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli, vyote viwili kwa mpiga chapa wa Göttingen, na tafsiri za Kijerumani zikatolewa pia.

Tazama jinsi haja ya darasa ilivyochagua yaliyomo. Kwa nini safari? Kwa sababu afisa atazipita njia hizo hizo. Kwa nini sehemu kubwa ya kitabu cha desturi ni habari za sheria: mahari, urithi, deni, watumwa, kesi? Kwa sababu afisa huyo ataketi barazani ahukumu. Sisi leo twavisoma vitabu hivi kama hazina ya lugha na mila, na ni hazina kweli, lakini yafaa tukumbuke kwamba vilipangwa vimsaidie mtawala kujua anamtawala nani. Jambo ambalo halikumfaa mtawala halikuwa na mlango wa kuingilia.

Hata hivyo mlango huo uliopo wamepita watu. Katika Safari za Wasuaheli yumo Sleman bin Mwenyi Chande, mtu wa pwani, ambaye aeleza safari yake ya biashara katika bara mpaka ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Msomaji aliyekwisha kuwasoma Burton na Stanley akifika kwa Sleman huona mara moja tofauti. Mzungu huandika hongo kama unyang'anyi. Sleman huiandika kama gharama, kwa hesabu ya mfanya biashara ajuaye kwamba kesho atapita tena njia ile ile. Wapagazi kwa Mzungu ni shida ya kila siku. Kwa Sleman ni watu wenye tabia na madai yao. Hasemi kwa upole kuliko wageni, wala hawaoni watu wa bara kuwa sawa na watu wa pwani. Lakini asema kwa lugha iliyotumika njiani, na maneno ya biashara yakaa mahali pake.

Kitabu cha pili kilikuwa na mwandishi mkuu aliyeweza kuonekana Berlin kwa macho. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa upande wa Bagamoyo, alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kile tangu mwaka 1900. Velten alikiri kwamba sehemu kubwa ya kitabu ni kazi yake. Lakini jalada lilibeba jina la Velten, aliyekusanya na kutoa. Baadaye Mtoro aliacha kazi, baada ya kukosewa heshima na wanafunzi na kutotetewa ipasavyo. Akabaki Ujerumani, akaoa huko, akafariki Berlin mwaka 1927. Ilimpasa msomaji wa Kiingereza kungoja mpaka mwaka 1981, ilipotolewa tafsiri ya J. W. T. Allen huko Marekani, ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele kama jina la mwenye kitabu. Miaka sabini na minane ni muda mrefu wa kungojea jina.

Kabla ya kwenda kwenye maandishi yanayohusu Ujiji zaidi, sina budi kusema neno juu ya herufi, maana watu wengi hudhani ni jambo la mpiga chapa peke yake. Waswahili wa zamani waliandika kwa herufi za Kiarabu, nazo, kama zilivyotumiwa na wengi, hazikutenga p na b, wala v na f. I na e zilikuwa na alama moja, u na o vile vile. Na sauti ya ng ilibebeshwa herufi ya ghaini. Mswahili asomaye barua ya ndugu yake hashindwi, kwa kuwa maana humwongoza. Lakini jina la mto wa Manyema au la mtawala wa Uvira halina maana ya kumwongoza mtu asiyelijua. Akiliona limeandikwa, aweza kulisoma kwa namna nne, na zote zaonekana kuwa sawa. Kwa sababu hiyo mtu aandikaye upya kwa herufi za Kirumi ni kama mtungaji wa pili, na kosa lake likiisha kupigwa chapa hugeuka kuwa mji ambao haukuwako. Dawa ni moja: mwandishi mwenyewe awe hai, na awe karibu.

Katika habari ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, dawa hiyo ilipatikana. Mzee huyu alikuwa amerudi Unguja baada ya miaka mingi ya biashara na vita katika Manyema. Heinrich Brode, afisa wa ubalozi wa Ujerumani huko Unguja, akamwomba aandike maisha yake. Tippu Tip akaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Brode akageuza kwa herufi za Kirumi na kutafsiri kwa Kijerumani. Yalipigwa chapa mwaka 1902 na 1903 katika Mitteilungen, jarida la chuo kile kile cha Berlin lililoanzishwa mwaka 1898, katika sehemu yake ya Afrika. Mwenyewe aliishi mpaka mwezi wa Juni 1905. Basi hapa tuna jambo ambalo ni adimu katika historia ya bara letu: mtu wa misafara ameandika mambo yake kwa mkono wake, na idara ya chuo kikuu imeyapiga chapa kwa lugha yake, angali hai.

Ujiji una nafasi gani humo? Si nafasi ya mji wa kukaa. Tippu Tip makao yake yalikuwa Tabora na Kasongo na Unguja. Ujiji kwake ni bandari ya kuvukia, mahali pa kupata mitumbwi na kupata habari. Lakini watu wake wamo. Yumo Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuwa mkubwa wa wageni wa pwani katika Ujiji hata alipofariki mwaka 1885. Na yumo Muhammed bin Khalfan el Barwani, aitwaye Rumaliza, ambaye Tippu Tip alifanya naye shirika huko Ujiji katika miaka ya mwanzo ya 1880, naye akaja kuwa mwenye nguvu kuliko wote ziwani mpaka alipopigwa na askari wa Dola ya Kongo kati ya 1892 na 1894.

Shirika lao liliishia katika daawa ya mali. Jambo hili wasomaji wengi hulipita haraka, nami naona ndilo lenye kufungua kitabu. Mzee aliyeketi kuandika kwa ajili ya Mjerumani alikuwa ametoka kugombana na mwenzake mbele ya mahakama ya Wajerumani kwa ajili ya mali ya bara. Alijua kwamba atasomwa na watu wa serikali. Kila asemapo nani alikuwa na bidhaa na nani hakuwa nazo, nani alipewa kwa mkopo na nani alipewa kwa shirika, asema kama mtu atoaye ushahidi. Sisemi kwamba alisema uongo. Nasema kwamba Rumaliza, aliyekaa Ujiji hasa, hakuombwa na idara yoyote aandike yake, na kwa hiyo katika shauri la Ujiji upande mmoja tu ndio uliopigwa chapa.

Brode mwenyewe alitoa mwaka 1905 kitabu cha Kijerumani juu ya maisha ya Tippu Tip, na mwaka 1907 kikatoka kwa Kiingereza. Kitabu hicho ndicho kilichozunguka duniani. Maneno ya Kiswahili yalibaki ndani ya jarida lililowekwa katika maktaba za vyuo, na mtu wa Ujiji au Unguja ambaye angeyaelewa kuliko Mjerumani yeyote hakuwa na njia ya kuyafikia.

Yalirudi Afrika ya Mashariki baada ya zaidi ya miaka hamsini. Halmashauri ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa imehamia Makerere, Kampala, katika miaka ya 1950, ikiitwa East African Swahili Committee, ikiwa na jarida lake. W. H. Whiteley, mtaalamu wa lugha aliyeifanyia kazi, aliyatoa upya Maisha ya Tippu Tip kama nyongeza ya jarida hilo, katika mafungu mawili, mwezi wa Julai 1958 na Januari 1959, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na utangulizi wa historia wa Alison Smith. Mwaka 1966 East African Literature Bureau ikayatoa tena.

Kazi ya Whiteley yastahili kutazamwa na kila mwenye kupanga kitabu cha namna hii. Aliweka maandishi katika tahajia iliyokubaliwa, ili mtu aliyesoma shule za Tanganyika asikwame. Akayagawa kwa aya zenye nambari, ili Kiswahili na Kiingereza vilinganishwe na msomaji asimwamini mfasiri kipofukipofu. Wala hakuyasafisha maneno ya mzee yawe Kiswahili cha shuleni. Mahali ambapo Tippu Tip huruka kutoka jambo hata jambo, kama mtu asimuliaye barazani, ameachwa aruke. Wapo wahariri ambao wangalimnyosha. Makala moja iliyopita mikononi mwa mhariri wa namna hiyo niliwahi kuiona: maneno yote ya uvuvi ya watu wa ziwani yalikuwa yamebadilishwa kuwa maneno ya pwani, hata mtu wa Kigoma asingejua kwamba anasomewa habari za kwao.

Halmashauri ile ilihamia tena, Mombasa kwanza, kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ndani ya chuo kikuu. Na hapo twafika kwenye idara ya tatu.

Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na sheria peke yake. Historia ikafuata, na profesa wake wa kwanza akawa Terence Ranger. Idara hii ilikuwa na haja nyingine kabisa na ile ya Berlin. Nchi ilikuwa imepata uhuru, shule zilitakiwa kufundisha historia ya Waafrika, na vitabu havikuwako. Mwaka 1966 kikaundwa Chama cha Historia cha Tanzania, kilichotoa vijitabu kwa ajili ya walimu na wanafunzi, na mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kazi hizo zilipigwa chapa na East African Publishing House, Nairobi. Wanafunzi nao walitumwa kuuliza: kwa ajili ya habari za vita vya Maji Maji walikwenda katika wilaya za kusini, wakaandika maneno ya wazee waliokumbuka, na maandishi yao yakakusanywa idarani.

Mwaka 1967 lilianza jarida dogo lililoitwa Tanzania Zamani. Halikuwa kitabu cha kujivunia kabatini. Kusudi lake lilikuwa kupeana habari upesi juu ya uchunguzi wa nyakati zilizotangulia ukoloni: fulani amechimba mahali hapa, fulani anakusanya masimulizi ya kabila lile, mwenye swali na aulize. Mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya busara yaliyofanywa na idara ile, maana kitabu kikubwa huchukua miaka, na katika miaka hiyo wazee hufa. Katika miaka ya 1990 jina hilo lilichukuliwa tena na jarida kamili la historia.

Katika mwaka huo wa 1967 idara ilifika mkoa wa Kigoma kwa njia ya chumvi. Uvinza, penye reli kati ya Tabora na Kigoma, karibu na mahali mto Ruchugi uingiapo Malagarasi, pana chemchemi za maji ya chumvi. Burton alikwisha kusema kwamba chumvi ya huko ilisifiwa na kupelekwa mbali, na watu wa Ujiji waliipitisha ziwani hata pwani zake za kaskazini na magharibi. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuitengeneza kwa mitambo mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini je, wenyeji walianza lini? John Sutton, mchimbaji wa mambo ya kale, na Andrew Roberts, mwanahistoria, waligawana kazi: mmoja akachimba katika majivu na vigae kando ya chemchemi, wa pili akauliza wazee na kusoma maandishi ya wasafiri na ya serikali. Makala yao ilitoka mwaka 1968 katika Azania, jarida la taasisi ya Waingereza ya historia huko Nairobi. Ilionekana kwamba chumvi imechemshwa Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu, yaani tangu zamani kabla ya msafara wowote wa pwani, na kabla ya watawala wa Uvinza ambao masimulizi yaliwakumbuka.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora ya idara yoyote juu ya nchi hii, na sababu yake ni mpango wake. Masimulizi peke yake yangalianza kwa mtawala, maana masimulizi aghalabu hutunzwa na nyumba za watawala, nao ndio waliotoza ushuru wa chumvi. Kuchimba peke yake kungalitoa vigae visivyo na jina. Walipovikutanisha, mchemshaji wa chumvi, ambaye hakuna aliyemwandika, alionekana: shimo lake, chungu chake, majivu ya kuni zake, mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka.

Lakini makala hiyo ni ya Kiingereza. Tanzania Zamani, ijapokuwa jina lake ni la Kiswahili, ilikuwa ya Kiingereza kwa kawaida. Tusiwalaumu bila kufikiri: waliandika ili wasomwe na wenzao wa Nairobi, Kampala, London na Accra, na jarida lisilosomwa na wenzake hufa. Walakini hapa twaona jambo la kuhuzunisha. Chuo cha Berlin, ambacho kilifundisha watawala, kilipiga chapa kwa Kiswahili kwa sababu mtawala alitaka kujifunza lugha; idara ya Dar es Salaam, ambayo iliwatumikia watu huru, ilipiga chapa kwa Kiingereza kwa sababu ilitaka kusikiwa na ulimwengu. Mzee wa Uvinza aliyeulizwa kwa Kiswahili jibu lake limehifadhiwa kwa lugha asiyoijua. Wala haikuwa lazima. Tangu mwaka 1970 chuo kikuu hicho hicho kimekuwa na Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa Kiswahili chenyewe, na taasisi ya lugha ikatoa jarida la Mulika kwa Kiswahili. Lugha ilitosha, na mitambo ilikuwako.

Juu ya Ujiji wenyewe kazi kubwa zimeendelea kutoka nje. Beverly Brown aliandika historia ya mji huo mpaka mwaka 1914 kwa ajili ya shahada ya Chuo Kikuu cha Boston, mwaka 1973. Ni maandishi ya taipureta yasomwayo maktabani. Mwaka 2022 Philip Gooding alitoa kwa Cambridge kitabu kizima juu ya ziwa Tanganyika katika karne ya 19. Wote wawili wamewatoa Ujiji katika hadithi ya Livingstone na Stanley na kuurudisha kwa wenyewe: Wajiji, ambao ardhi ni yao na ambao wakubwa wao walitawala kabla ya bendera ya Sayyid kufika, Wamanyema, waliovushwa kutoka magharibi, wengi wao watumwa, ambao wajukuu wao ndio walioufanya mji kuwa wa Kiswahili, na watu wa pwani, ambao kwa idadi walikuwa wachache na kwa maandishi wakawa wengi. Hilo la mwisho ndilo tunda la mpango wa Berlin. Velten na Brode waliwauliza watu wa pwani kwa kuwa hao waliweza kuandika, na kwa kuwa waliandika, wakaonekana kuwa ndio Ujiji.

Nikilinganisha idara hizi tatu, mtu mmoja nimemtafuta asipatikane katika yoyote, yaani mvuta kafi. Mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa Ugoma, ng'ambo ya ziwa, kwenye miti mikubwa, na watu wa Ujiji wakaileta na kuiendesha. Burton alikodi mitumbwi kwa Kanena, mkubwa wa Kawele, mwaka 1858 ili aende Uvira. Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini kwa mtumbwi mwaka 1871. Wafanya biashara wa pwani walivuka kwa mitumbwi hiyo hiyo, na pembe zao vile vile. Wavuta kafi walijua majina ya pepo, mahali pa kulala, milima ya kutambikia, na maji yaendako. Kusudi la safari zile mbili za Wazungu lilikuwa kujua kama mto Rusizi watoka ziwani au waingia. Huko Uvira mwaka 1858 wenyeji walimwambia Burton kwamba waingia, naye akaliandika jibu lao katika kitabu chake. Lakini wasomi wa Ulaya hawakuridhika, wakabishana miaka kumi na mitatu, hata Livingstone na Stanley walipovutiwa kafi mpaka mlangoni pa mto, wakayaona maji yakiingia.